Malaria Yangu ya Kila Mwezi

Ngagara, Septemba 1967

Kwako Bwana Mhariri,

Pokea salamu zangu na heshima. Kabla ya yote naungama jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Padri: mimi sina malaria. Sijawahi kuwa nayo. Ninayo hedhi, kama mama yangu na kama mama yako, uniwie radhi. Mama anajua, ila hatujawahi kulitaja kwa mdomo.

Nimemaliza shule mwaka huu na tulifundishwa kupanga hoja, kwa hiyo napanga.

1. Bwana Massoudi wa dukani. Chumvi anakupa hivihivi, sabuni hivihivi. Lakini pamba anaifunga kwa kurasa mbili za gazeti lako na kamba juu, kisha ananinong'oneza kwa sauti inayofika barabarani: "Mutoto ya Mugisho, ile kitu yako njo hii!" Vijana walioko mlangoni wananiuliza: "Dada, leo gazeti inasema nini?" Unaona, Bwana Mhariri, jambo hili linakuhusu.

2. Pamba yenyewe ni ya siku Baba amelipwa. Siku nyingine mimi na dada yangu Scholastique tunatumia vitambaa vya kitenge kimoja kikuukuu cha Mama, na lazima vianikwe chini ya shuka, mtu asivione. Shuka linakauka, vitambaa havikauki. Na kartie nzima, mtaa wote, inajua shuka lililoanikwa katikati ya juma lina nini chini yake. Jirani yetu Mama Asiya akipita uani humwambia Mama: "Pole na shuka." Vitambaa vikiwa bado vibichi, sitoki nyumbani.

3. Siku hizo Mama humwambia Baba nina malaria. Baba ni karani wa posta, na ananipenda. Analeta vidonge vya kinini, anasimama mpaka nimeze, na masikio yananilia hadi jioni. Aliponipeleka dispensari, walipima damu wasione kitu. Baba akasema hii ni malaria yenye akili, inawaogopa waganga.

4. Sasa Padri amenipatia nafasi katika shule ya ualimu, Gitega. Baba hataki kutia sahihi. "Gitega kuna baridi, mwanangu. Na hii malaria yako? Utanifia kule." Jumapili baada ya misa atampa Padri jibu, na nafasi yangu itakwenda kwa mwingine.

5. Baba huyohuyo hujikata kidevu kila Jumapili akinyoa. Hubandika kipande cha gazeti lako juu ya jeraha, akaingia kanisani na damu yake mbele ya watu wote, na watu wanampa mkono. Hakuna anayemletea kinini.

Kwa hiyo naomba. Baba haamini jambo mpaka lichapishwe. Hata mvua ikimnyeshea, husubiri gazeti. Kila jioni huwasomea majirani uani, kuanzia mstari wa kwanza, haruki kitu. Chapisha Jumamosi, ukurasa wa kwanza, juu ya habari za mpira: MABINTI WA NGAGARA HAWANA MALARIA, NI HEDHI. Neno hilo Baba alitamke mwenyewe, kwa sauti yake. Isipotosha, serikali iamuru wembe na bia za akina baba navyo vifungwe kwa gazeti, ili aibu igawanywe sawasawa. Na sikukuu ya uhuru ikifika, vitambaa vyetu vianikwe juani kando ya bendera. Nchi ilikwisha kupata uhuru. Kamba yetu ya nguo bado.

Nisalimie wapiga chapa wote, na watoto wako, na mke wako, ambaye naamini naye haumwi malaria.

Ni mimi, kwa heshima,
Marguerite, binti wa Mugisho

N.B. Nimeisoma tena barua hii na uso umeniwaka moto. Tafadhali usitaje jina langu, wala Ngagara, wala lile neno. Kama ni rahisi zaidi, chapisha tu kwamba baridi ya Gitega inaponya malaria ya kila mwezi. Hiyo Baba ataiamini mara moja. Usinijibu kwa posta, maana Baba ndiye anayepanga barua. Hii nitaiacha mwenyewe mlangoni pa ofisi yako. Nimeifunga kwa kurasa mbili za gazeti na kamba juu, mtu asijue ni kitu gani. Iwe siri yetu wawili.