Kompyuta Yenye Machipukizi

Jumatatu, 15 Desemba 2003

Flavia wangu ana digrii! Haya, sasa habari za jioni. Digrii ya chuo kikuu, na aliyemzaa ni mimi wa darasa la saba. Kaka yake Wenseslaus alipiga picha za mahafali kwa kamera ya kuazima, akapita hapa Kilema, akazihamishia kwenye kompyuta yetu. Kamera akairudisha tupu. Kwa hiyo ushahidi wote umo sebuleni kwangu, chini ya kitambaa nilichofuma mwenyewe.

Leo jumuiya imesali kwangu. Baada ya rozari nikawasha. Kompyuta ni ya zamani, ilistaafu ofisini kwa Wenseslaus ndipo ikaja kwetu. Tukangoja. Chai ikaisha. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, kama mtu anayeteremka ngazi na goti bovu. Ikatokea kofia. Likatokea paji la uso. Ikagoma hapo.

Mama Gladness, jirani wa ng'ambo ya mfereji, ndiye anayeeneza kwamba Flavia alifukuzwa chuo. Kisa, Krismasi iliyopita hakuonekana. Alikuwa mafunzoni! Akaitazama ile kofia, akasema kwa upole kabisa: "Mama Flavia, hiyo digrii mnaipikia kuni mbichi?"

Wakacheka wote. Hata mwenyekiti wa jumuiya. Sikula.

Jumatano, 17 Desemba

Nimempigia Eliezeri, fundi wa kompyuta mjini Moshi. Kijana mwenye adabu, alianza na shikamoo. Akasema mashine imejaa, niondoe nisivyovitumia. Ni hilo tu? Kazi hiyo ninaifanya kihambani, kwenye migomba yangu, miaka yote. Shina la mgomba likijaa machipukizi halizai. Unaacha matatu, mama, mtoto na mjukuu. Mengine panga.

Baba Flavia akashauri tumngoje Wenseslaus. Nikamwambia ndizi anazokula hazijawahi kumngoja Wenseslaus.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimepunguza. Vitu vingi mno humo! Majina ya Kizungu, mengine hayana hata irabu. Usiyemjua jina anafanya nini nyumbani kwako? Nikafuta. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nina hakika. Ikauliza tena. Kiburi. Nimebakiza mafungu matatu, na picha za Flavia ndizo mama. Nimeizima ipumzike. Kesho itakimbia.

Ijumaa, 19 Desemba

Haiwaki. Kioo cheusi, maandishi meupe mstari mmoja, kama tangazo la msiba.

Tumeishusha mjini kwa pikapu ya maziwa, imefungwa kitenge. Eliezeri akaichungulia. Kisha akasema: "Mama, umeng'oa mpaka shina."

Akaeleza kwamba itabidi aifute yote, aipande upya. Akauliza kama kuna kitu cha kuhifadhi kwanza. Niliona aibu mbele ya wateja. Nikamjibu kwamba visivyotakiwa nilishaondoa, aendelee tu.

Sasa inawaka upesi ajabu. Ndani hamna kitu. Picha nazo zimekwenda.

Nimekaa kwenye benchi lake, kitenge mkononi. Mtoto kasoma miaka yote hiyo, na mimi mama yake nimeona paji la uso.

Jumapili, 21 Desemba

Flavia amepiga simu. Nikamweleza.  Akasema: "Mama, usilie. Ninakuja mwenyewe. Watanitazama mimi."

Nikalia zaidi. Mtoto gani huyu!

Halafu akili ikafunguka. Baada ya misa nimemwendea Leodegar, kiongozi wa kwaya, nikaazima joho. Ni refu, jeusi, lina msalaba mkubwa mgongoni, lakini Flavia atasimama uso mbele muda wote. Wenseslaus nimemwagiza aazime kamera tena. Tutapiga picha upya hapa hapa migombani, kisha tuziingize kwenye kompyuta na kuwaonyesha watu papo hapo. Baba Flavia anasema tumwache binti asalimie wageni kwa gauni lake, inatosha. Hajui mambo ya ushahidi.

Mashine iko tayari. Asubuhi niliiona kama inasitasita, nikaondoa vitu viwili nisivyovifahamu. Haikuniuliza hata mara ya pili. Tumeshazoeana.

Nimetangaza kanisani, na Mama Gladness nimemwalika kwa mdomo wangu. Watoto, shangazi zao, jumuiya nzima. Waje wote Jumatano, tarehe 24, saa nane mchana.