Mama Mkwe kwenye Mstari wa Mwisho

Jumamosi, 28 Juni

Imetangazwa! Siku ya Saba Saba, Adrian mwenye mashine ya kukoboa anatoa ndama dume kwa mwanamume mwenye nguvu kuliko wote Madibira. Kazi ni moja: kubeba gunia la mpunga la debe nne kutoka mashineni, kupita nalo juu ya tuta la mfereji, hadi mstari uliochorwa tutani, mbele ya mlango wa ghala. Likigusa ardhi kabla ya mstari, umetoka.

Wanaume wote pale mashineni wakamgeukia Nyanda. Kwa nini Nyanda? Kwa sababu anapakia magunia kwenye malori kutwa nzima? Hiyo ni kazi, siyo nguvu. Nikapanda juu ya mzani, nikatangaza kwamba ndama ni wangu mimi, Jailos Kalinga, dalali wa mpunga, mzaliwa wa milima ya Kilolo, ambako hata kwenda kuazima chumvi ni mazoezi. Wakacheka. Mmoja akasoma mzani kwa sauti. Namba hiyo siiandiki humu.

Ndama namtaka kwa sababu ya Regina. Fundi cherehani, kibanda cha bluu mkabala na mashine. Nampenda, basi, nimeandika. Mama yake, Mama Yunisi, amesema mbele za watu kwamba mwanaume atakayemchukua binti yake wa mwisho aonekane kwanza anaweza kuinua anachokula, na mahari ianze na ng'ombe, isianze na maneno. Ndama huyu anayajibu yote kwa mkupuo! Na binti mkubwa, Yunisi, ameolewa na nani? Nyanda. Nitamshinda mbele ya mkwe wake. Raha iliyoje!

Jumapili, 29 Juni

Mazoezi yameanza. Wajinga huanza na mpunga. Mimi nimeanza na pumba. Gunia ni lile lile, unene ule ule, ila unalibeba kama mto wa kulalia. Mwili uzoee umbo kwanza, uzito utafuata wenyewe.

Baada ya ibada nikapita nalo mbele ya kibanda cha Regina, bega moja, nikipiga mluzi. Watu waligeuka! Regina alisimamisha cherehani. Nikarudi mara ya pili ili waliochelewa nao wafaidi. Hapo ndipo upepo wa Usangu ulipovuma na mshono wa gunia ukaachia. Pumba zikapeperuka nyuma yangu hadi barabara ya pili. Mpunga haupeperuki. Hata mtoto wa chekechea wa hapa analijua hilo.

Mama Yunisi alikuwepo, amekuja kununua pumba za ng'ombe wake. Mama huyu hanunui kitu kwa macho. Hata pumba lazima zimwagwe zote kwenye turubai, aingize mkono hadi kwenye kiwiko. Aliliangalia lile wingu, akaniangalia mimi, akaendelea na turubai lake.

Nimeambia watu lilikuwa zoezi la pumzi. Wenye wivu hawakuamini.

Jumanne, 1 Julai

Nimegundua siri ya Nyanda. Michembe! Wasukuma hukausha viazi vitamu hadi vigumu kama vigae, ndiyo maana mgongo wa Nyanda uko vile. Nimenunua kopo zima la sado. Yule mama muuzaji alinieleza namna ya kuloweka na kuchemsha. Nilimshukuru, nikaitafuna mikavu. Ukichemsha si nguvu inabaki kwenye maji? Kisha nikashushia na maziwa mgando na maji mengi.

Michembe ikanywa yale maji yote. Ikavimba. Tumbo likatangulia mbele yangu kama mwenyekiti wa kijiji. Nimeshindwa kufunga mkanda, nimeshindwa kuinama, nimeshindwa kwenda kwa mteja wa Rujewa. Regina ametuma salamu kuuliza mtoto anatarajiwa lini.

Anacheka, lakini ameuliza hali yangu. Hilo ndilo la kuzingatia.

Alhamisi, 3 Julai

Leo gunia la kweli. Debe nne, mpunga mtupu. Nililiinua! Nashangaa hakuna aliyepiga picha. Nikaenda nalo hatua kadhaa nzuri sana, kisha gunia likaamua kwenda mferejini na mimi nikaamua kulifuata.

Aliyenitoa ni Nyanda. Akalitoa na gunia, kwa mkono mmoja, kwa makusudi ya kunidhalilisha. Akanikalisha kwenye tuta, akanikanda mgongo, akanieleza kwa upole kwamba gunia linainuliwa na mapaja, mgongo unapokea tu, na macho yatazame mbali, yasitazame miguu. Ameniita mwanyumba, maana nikimwoa Regina tutakuwa tumeoa nyumba moja. Alinipandisha gunia begani, nikaenda nalo hadi daraja la mbao bila kuanguka. Njama! Mtu anamfundishaje mpinzani wake? Lazima kuna kitu anaficha.

Na nilikiona! Tukiwa pale, Mama Yunisi akatokea kwa mbali juu ya tuta. Nyanda akaruka. Lile jitu zima likaruka kama chura, likaingia kwenye majaruba ya mpunga yaliyovunwa, likasimama kwenye mabua na kugeuka upande wa pili hadi mama apite. Nikamwuliza vipi. Akashangaa swali langu. Akasema yule ni mkwe wake, mkwe hapishani na mama mkwe njia nyembamba wala hamkaribii, na bila shaka hata kwetu Wahehe iko hivyo.

Iko hivyo, ndiyo. Lakini mimi bado sijaoa.

Tuta la mfereji ni njia nyembamba. Mstari wa mwisho uko juu ya tuta. Nimerudi nyumbani mgongo hauumi hata kidogo.

Ijumaa, 4 Julai

Siku ya ushindi wa akili. Nguvu ni za ng'ombe.

Asubuhi nilikwenda kwa Adrian. Nikamwambia sherehe kubwa haikosi mgeni wa heshima, na nani anastahili kuliko mama wa watu, mkulima hodari, mteja wake wa pumba wa miaka yote? Akakubali. Kiti nimechagua mwenyewe, chenye mikono, kipana. Kitakaa katikati ya tuta, kwenye mstari hasa. Nyanda akifika pale, akamwona, atafanya nini na gunia begani? Nilicheka peke yangu njiani hadi mbuzi wakanitazama.

Mama Yunisi alipoambiwa alifurahi mno. Inasemekana amempa Regina kitenge kipya amshonee. Masikini. Lakini kiti ni kizuri kweli.

Mchana nikaenda kwa mshenga wangu, Mzee Nashoni, fundi wa pawatila, zile trekta za mkono. Nikamtaka apeleke posa upesi, ili ndama akitoka kwa Adrian asilale kwangu, aende moja kwa moja kuanza mahari. Mzee akanisihi tusubiri sherehe ipite. Akasema mambo mawili makubwa hayapikwi chungu kimoja. Wazee hawa! Biashara ni kasi. Nikamsukuma hadi akakubali kwenda alfajiri ya Jumatatu.

Jumapili, 6 Julai

Mapumziko. Kanisani nimeomba kwa unyenyekevu Nyanda ashindwe.

Nyanda naye ameenda kumwomba Adrian gunia lake lishonwe lumbesa, lijazwe hadi lifungwe kilemba cha kamba juu, kwa kuwa yeye hubeba kila siku na si haki kushindana sawa na wasiozoea. Watu wamemsifu sana. Maringo tu! Mimi sijaringa hivyo maishani mwangu.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Watu walijaa pande zote za mfereji. Mwalimu Ikupa alikuwa mwamuzi, na filimbi yake ya shule. Mama Yunisi alikaa kwenye kiti changu, gauni la kitenge kipya, kilemba kirefu, ametulia kama malkia. Nyuma yake Regina. Alinipungia mkono. Alinipungia mimi!

Filimbi. Nikainua kwa mapaja, mgongo ukapokea, macho mbali. Wanne walianguka kabla ya daraja. Nyanda na lumbesa yake alikuwa mbele yangu, anatembea kama anapeleka chakula shambani. Nikamwacha. Nilijua kinachomngoja.

Akakiona kiti. Akasimama. Nyanda akainamisha macho, gunia begani, hana pa kupita, na mimi nakuja nyuma! Nikampita. Nilimpita Nyanda, watu wote waliona, hilo halitafutika!

Hapo nikamsikia Mzee Nashoni. Alikuwa anakimbia pembeni ya tuta, anahema, kofia mkononi. Akapaza sauti kwamba nisimame. Kwamba posa imepokelewa asubuhi hii, wazee wameridhia, mama mwenyewe ameitikia. Kwamba aliyekaa pale mbele ni mkwe wangu.

Nakiri kwamba nilisikia vizuri kabisa. Nilimwona Regina ameshika mdomo. Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Lakini mstari ulikuwa pale! Ndama yule amefungwa utepe! Nikajiambia mkwe wa saa tatu si mkwe kamili, nitapita ubavuni haraka, kwa heshima, nimefumba macho.

Usifumbe macho ukiwa na debe nne begani. Gunia lilinasa kwenye mkono wa kiti, ule mkono mpana niliouchagua mwenyewe. Likapasuka. Mpunga wote ukamwagika mapajani pa Mama Yunisi, kisha nikafuata mimi. Kichwa changu. Mapajani pa mkwe wangu. Nilipofumbua macho nilikuwa nimevaa kilemba chake.

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Na Nyanda? Alikuwa ameshuka kwenye mfereji. Na gunia begani! Maji yalimfika kifuani, akazunguka kwa chini, taratibu, akatokea nyuma ya ghala akichuruzika, akaukanyaga mstari kutoka upande wa pili, kisogo amempa mkwe wake. Hapo ndipo Madibira ilipolipuka. Nikakata rufaa papo hapo, nikiwa bado chini. Mwalimu Ikupa akasema sharti ni gunia lifike mstarini, na hakuna aliyetaja lifike kwa njia gani. Uonevu mtupu. Kichwa changu kilivuka mstari kwanza.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbili sijatoka. Kibanda cha bluu kimefungwa, cherehani haisikiki. Nimegundua kwamba nilikuwa nalala na kuamka na ile sauti. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimelia kidogo, kwa sababu ya mkono.

Jioni amekuja Mzee Nashoni na hukumu. Wazee walitaka kuirudisha posa. Mama Yunisi mwenyewe ndiye aliyekataa! Amesema alimwona kijana akilifikisha gunia hadi hatua ya mwisho, na hakutegemea. Basi nitoe faini. Gunia moja la mpunga, debe nne, nilibebe kwa bega langu kutoka mashineni hadi uani kwake, nilitue, nigeuke bila kumtazama. Nikifanya hivyo, yameisha. Nisipofanya, Regina anapelekwa kwa shangazi yake Igurusi na nisahau njia ya kibandani.

Nyanda naye ametuma neno. Ndama anamtunza. Faini ikipokelewa, atanipa nianzie mahari. Huruma za Nyanda sizitaki! Ndama nitamchukua, ila sitashukuru.

Na Regina ametuma ujumbe kwa simu, mstari mmoja. "Jailos, safari hii beba tu. Usifikiri."

Nimeusoma mara nyingi. Ndiyo. Nitabeba tu. Naapa kwa milima ya Kilolo.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeamka nikiwa mtu mpya. Nimefika mashineni mapema, mpunga nimenunua safi, gunia jipya, sindano na uzi. Nilikuwa tayari kabisa kubeba tu.

Lakini mkono bado unauma. Na kutoka mashineni hadi kwa Mama Yunisi kuna kilima. Na lile rundo la pumba lilikuwa pale pale ubavuni mwangu, limejaa, bila mwenyewe. Sikulitafuta!

Nimefikiri kidogo tu. Heshima ya faini iko wapi, kwenye uzito au kwenye nia? Debe tatu za pumba chini, debe moja ya mpunga juu, mshono nimeufunga mara mbili kwa ajili ya upepo. Akifungua juu, mpunga. Akichungulia, mpunga. Baadaye nikiwa mkwe rasmi nitaleta uliobaki, polepole, kama zawadi. Kila mtu atafurahi na mgongo wangu utabaki mzima kwa ajili ya harusi.

Nimekwenda kwanza kuchungulia njia kwa mbali. Mambo mazuri mno! Wazee wote wameshafika. Regina yupo mlangoni, amevaa vizuri, anatazama barabara. Na Mama Yunisi ametandika turubai jipya katikati ya uani, amekunja mikono ya gauni hadi kwenye kiwiko.

Turubai zima, kwa ajili ya kunikalisha mimi! Nabeba sasa hivi. Nitapita nikipiga mluzi.