Mwenyekiti wa Kuta Zinazofika Magotini

Jumatatu, 1 Septemba 1975. Koboko.

Lukumani amerudi! Sajini mstaafu, na redio yake, na viatu vinavyong'aa kwenye tope letu. Hata chai kwa dada yake hajanywa, tayari amekwenda kuikagua madrasa yangu. Alisimama katikati ya kuta akacheka.

Kuta zinafika magotini, nakubali. Mbuzi wanalala ndani, nakubali. Lakini mwenyekiti wa ujenzi ni mimi tangu mwaka 1968, na msingi nilichimba mwenyewe. Sehemu yake. Kazi haikusimama. Inapumzika.

Jioni mke wangu Asiya kasema Lukumani ana mgongo ulionyooka. Wangu umepindishwa na cherehani, na cherehani hiyo ndiyo inayomlisha! Nimekula kidogo tu.

Jumanne, 2 Septemba

Sheikh Fadhul kaniita. Nimemkuta Lukumani ameshafika, ameketi mahali pangu. Anajitolea kuimaliza madrasa, eti bure. Sheikh akasema watoto wamechoka kusoma barazani kwake; mvua ya upande inawalowanisha na wino unafutika kwenye mbao zao. Uamuzi: nina hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Kuta zifike madirishani, la sivyo uenyekiti ni wa Lukumani.

Nimeumia. Sokoni wananiita Mwenyekiti. Hata ambao suruali zao sijazimaliza wananiita Mwenyekiti. Bila jina hilo mimi ni Tahiru fundi nguo tu, na mafundi nguo tumejaa baraza zima la sokoni. Kesho alfajiri naanza.

Jumatano, 3 Septemba

Sikuanza. Tope.

Lakini sikukaa bure. Pimamaji katika mtaa huu ni moja tu, ya fundi Soka. Nimeiazima na kuisukuma chini ya kitanda. Sasa Lukumani na ajenge, tuone ukuta wake utalalia upande gani! Asiya kauliza kama mimi nitaitumia. Nikamwambia haya ni mambo ya kamati.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepata! Karamu ya kazi. Kwetu hapa ukiita watu kujenga unawalisha, na wakishakula chako wana deni la jasho. Nilichokosa miaka yote hii ni siku nzuri tu. Ijumaa kuna swala. Jumamosi kuna soko. Basi Jumapili! Siku hiyo majirani Wakristo hawaendi shambani, kwa hiyo wako huru kabisa. Na sisi Waislamu tutakuwa bado tunakula, maana kwa hesabu yangu Ramadhani inaingia Jumatatu. Koboko nzima kwa siku moja! Nashangaa hakuna aliyewahi kuliona hili.

Nimemwalika Yakani, mkulima jirani yetu, na ukoo wake wote. Alifurahi sana. Akauliza kama kuna nyama.

Lukumani sikumwalika. Atauona moshi.

Jumamosi, 6 Septemba

Beberu amechinjwa. Sukari imepatikana, imevuka mpaka kutoka Zaire na mengine sikuuliza. Asiya na dada zake wamepika tangu mchana na wote wamenikasirikia.

Magharibi, kelele upande wa msikiti. Mwezi umeandama! Nikatoka mbio, nikawaambia ni kipande cha wingu. Nikaenda kwa Sheikh kumweleza kwamba mwezi mwembamba namna ile hauwezi kuhesabiwa. Sheikh akaniombea dua.

Na nani aliyeuona wa kwanza? Lukumani! Nina hakika aliutafuta makusudi.

Jumapili, 7 Septemba

Waislamu wote wamefunga. Walipita mbali na sufuria zangu, wengine wameziba pua. Tumaini langu likabaki kwa Yakani peke yake. Saa nne, hakuna mtu. Saa sita, hakuna mtu. Wako kanisani! Hili sikulipigia hesabu.

Saa nane wakaja. Wengi, wamevaa nyeupe, pamoja na kwaya. Wakala. Jamani, walikula! Mimi nimefunga, nimekaa pale naona beberu wangu anakwisha mfupa kwa mfupa. Walipomaliza nikampa Yakani beleshi. Akalirudisha mikononi mwangu kwa adabu.

"Mwenyekiti, leo iko siku ya Mungu. Kazi hapana. Lakini chakula yako iko muzuri sana."

Kwaya ikaimba wimbo mmoja wa kunishukuru, wakaenda zao. Hakuna tofali lililosogea.

Jumatano, 10 Septemba

Siku mbili hizi nilijilaza. Daku la Asiya ni zito, na uchungu nao unachosha. Leo nimepita kwenye madrasa. Kuta zimefika kiunoni!

Nimepata habari yote. Tangu Jumatatu Lukumani anawachukua wanaume wakitoka swala ya alfajiri, wanajenga wakati wa baridi, jua likianza kuchoma anawaruhusu. Ukuta umenyooka. Wanaupima kwa chupa ya soda yenye maji! Soka mwenyewe ndiye aliyewaonyesha.

Na Yakani yumo, pamoja na ukoo wake, kabla ya kwenda shambani. Nikamuuliza anafanya nini hapa. Anasema walikula chakula changu, sasa wanakilipia. Kwa Lukumani! Beberu wangu anambebea Lukumani matofali!

Nikamuuliza Lukumani hao wengine anawalisha nini.

"Mwezi hii iko muzuri kwa kazi, ndugu yangu," akasema. "Hapana mutu anauliza chakula."

Namchukia. Naichukia na redio yake. Kisha nikamwona Asiya anatoka kisimani na ndoo, anawapelekea maji ya kukandia udongo. Ndoo yangu!

Ijumaa, 12 Septemba

Kuta zimefika madirishani. Baada ya swala Sheikh katangaza: mwenyekiti ni Lukumani. Watu wakamzunguka, wakampa mkono. Nami nikampa, nikaubana kwa nguvu. Akaubana zaidi. Nikitoka, mtu kaniita "fundi". Fundi! Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha.

Kumbe Sheikh ana huruma. Kaniita pembeni, akasema madrasa inahitaji choo, na choo kinahitaji mwenyekiti. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Mwenyekiti tena! Choo changu kitakuwa na mlango wa mbao na kufuli. Madrasa ya Lukumani bado haina mlango. Tutaona wageni watasifu kipi.

Asiya kanipa jembe nianze kuchimba leo leo. Nimemweleza kwa upole kwamba ardhi imelowa mno, tungoje kiangazi. Na kiangazi ardhi itakuwa ngumu kama jiwe, kwa hiyo busara ni kungoja mvua za Aprili ziilainishe.

Jioni Lukumani kapita na beleshi begani, akauliza kama nahitaji watu wa kunisaidia. Nimemjibu kwamba watu wametosha. Niko peke yangu, lakini hiyo ni siri ya kamati.