Mtamba wa Boke na Betri za Injinia

Erasto Waitara hakuja Matongo kutapeli mtu. Alikuja kumkimbia mtu ambaye yeye alimtapeli Musoma, na hayo ni mambo mawili tofauti, tumpe haki yake. Simu yake ilikuwa imezima. Akauliza pa kuchajia, akaelekezwa kwenye kibanda chenye jenereta, akakuta foleni ndefu kuliko ya zahanati. Wachimbaji wenye vumbi mpaka kwenye kope walisimama simu mkononi, wakisubiri jenereta ikohoe, izime, iwashwe tena na kutukanwa kidogo. Miaka hiyo dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Kila shamba lilikuwa na shimo lake, kila shimo lilikuwa na ugomvi wake, na nguzo za umeme zilikuwa bado zimeishia mbali.

Erasto akaitazama foleni. Akalitazama jua la saa saba lililokuwa likiwaka bure juu ya mabati. Akatabasamu. Tabasamu hilo, ndugu msomaji, Musoma wanalijua. Ukiliona, shika mfuko wako.

Baada ya siku chache alirudi akiwa injinia. Usiniulize alisomea wapi. Alikuwa na shati jeupe, kalamu mfukoni, kofia ngumu ya njano, na pikipiki iliyobeba paneli moja ya sola, betri moja nzima na taa chache, vitu vya kweli kabisa. Nyuma yake ilikuja pikapu imejaa betri za bluu. Hizo zilikuwa betri kuukuu za malori. Alikuwa amezitoa matumbo, akazijaza mawe ya rundo lililokuwa nyuma ya gesti aliyofikia Nyamwaga, akaziziba kwa lami na kuzipiga rangi. Nasema ukweli hata kama unauma: rangi ilikuwa nzuri. Kuna viwanda vingejifunza kwake.

Watu wakakusanyika, maswali yakaanza. Mbele kabisa alikaa Mzee Nyamhanga, mwenye zizi kubwa kuliko wote pale na roho ndogo kuliko wote, mtu ambaye mgeni akija kwake hupewa kiti na kuhesabiwa sukari. Aliuliza jua likizama umeme unatoka wapi. Injinia akamjibu kwamba betri ni ghala: mchana unavuna, usiku unakula. Mwingine akauliza habari ya siku ya mawingu. Akaambiwa kwamba siku hiyo paneli huvuna kidogo, ila haifi njaa. Wa tatu akataka kujua kama mvua ya mawe haitavunja kioo. Na ubaya wa tapeli mzuri ndio huo, karibu kila alichosema Erasto kilikuwa kweli. Uongo wote alikuwa ameufungia ndani ya maboksi ya bluu.

Kisha akasema kwamba kuna nchi ambako mtu umeme wake ukizidi huupeleka kwenye gridi na kulipwa. Hapo Mzee Nyamhanga akavuta kiti karibu.

"Gridi ndiyo nini?"

"Ni zizi la umeme, mzee wangu. Kila mtu anaingiza wa kwake, wanachunga pamoja."

"Sasa wangu nitautambuaje, na hauna alama sikioni?"

Erasto akamweleza habari ya mita. Mzee akaridhika, akachukua betri nne. Wengine walipoona Nyamhanga mbahili ametoa kitu zizini mwake, wakajua hapo pana faida, na wao wakachukua.

Bei ilikuwa ng'ombe. Erasto alisema hela ya machimbo ina moto na haikai, yeye anataka mali yenye miguu. Sababu hasa ni kwamba ng'ombe wa Tarime wangemtajirisha kwenye mnada wa Mugumu, na mnada ulikuwa karibu. Kwa hiyo akatoa sharti. Betri mpya iwekwe nje juani inywe jua mpaka mwezi mpya uandame, na mtu asiifungue wala kuiwasha, ataiharibu tumbo. Paneli na taa angezileta siku hiyo. Mwezi ukiandama yeye angekuwa nchi nyingine anakula nyama.

Sasa mtu aliyeumia kuliko wote katika biashara hii ni Boke. Alikuwa mjane, mabinti zake wote wameolewa, mtoto wa kiume hakujaliwa. Kwa Wakurya mama wa namna hiyo hakai akalia. Anatoa ng'ombe, anaoa mke wa nyumba yake, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wajukuu wa nyumba ile, moto wake hauzimiki. Boke alikuwa amekwisha kumpata Nyangi wa Nyamwaga, mwanamke mzima, mcheshi, mwenye mikono ya kazi, ambaye naye aliitaka nyumba hiyo kwa moyo wote. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametimia, na wa mwisho alikuwa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Wazee wa Nyangi wangekuja kuwachukua baada ya mavuno. Pakipungua hata kwato, kulikuwa na nyumba nyingine inamngoja Nyangi.

Na mtamba huyo ndiye ambaye Boke alimpa Erasto. Alimpa kwa sababu injinia alimpigia hesabu tamu: atachaji simu za wachimbaji, na mavuno yakifika atanunua mtamba mwingine, na wa pili juu yake. Siku zile zote Boke alipita akimwagilia maji kando ya betri ili isipate joto sana. Nyangi alipokuja kumsalimia, alionyeshwa betri kabla hajapewa uji.

Kilichomfungua macho ni beberu. Beberu la jirani lilipanda juu ya betri, kwa sababu beberu likiona kitu kimeinuka ni lazima lipande, ndivyo lilivyoumbwa. Betri ikapinduka, ikapasuka, ikatapika mawe. Boke akakaa chini pale pale akalia, akalia kweli, mikono kichwani. Hakulilia betri, alimlilia Nyangi.

Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akayatia mawe kwenye gunia na kwenda kwa rafiki yake Everlyne. Huyu alikuwa Mjaluo mwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na alikuwa na shangazi Migori na maneno ya kumtosha kila mtu njiani kati ya hapa na huko.

"Nikipiga yowe, vijana watamkatakata," Boke akasema. "Halafu polisi watachukua ng'ombe kuwa kidhibiti. Ng'ombe wa kidhibiti hanenepi, Everlyne, na harudi."

"Basi usipige yowe, mama. Cheka."

"Nicheke nini mimi?"

"Cheka tu. Hapa kwetu mtu akibeba gunia la mawe huku anacheka peke yake, hakuna anayelala."

Na kweli. Ukitaka kuficha jambo Matongo, litangaze. Ukitaka lienee, lifiche. Everlyne akawafukuza wateja wote, akazungushia karasha turubai na kusaga nusu ya gunia mchana kweupe. Nusu iliyobaki Boke aliikalia. Alipotoka alikuwa amevaa kitenge kipya cha Everlyne na anaimba. Waliomuuliza alikuwa anasaga nini aliwajibu kwa upole kwamba alikuwa anasaga mahindi. Mahindi, kwenye karasha! Kijiji kizima kikajua amepata dhahabu, na kwamba mawe yake yana madoa ya lami, ila hakuna aliyejua yametoka wapi.

Habari zilimkuta Erasto kwenye mgahawa, chapati mdomoni. Chai ilimpalia mpaka akapigwa mgongoni. Mawe! Mawe yake mwenyewe, aliyoyaokota kwa mikono yake! Alipanda pikipiki akakimbilia Nyamwaga kwenye lile rundo nyuma ya gesti. Rundo halikuwepo. Mwenye gesti alikuwa amelijengea choo. Erasto alikizunguka choo kile, akakigusagusa ukuta, mwisho akamuuliza mwenyewe kama anaweza kukiuza. Mwenyewe akamuuliza anataka kununua sehemu gani. Hawakuelewana, na isitoshe ndani kulikuwa na mtu.

Akarudi mpaka kwa Everlyne kutafuta uhakika, maana tapeli haamini hivi hivi. Everlyne akakataa kusema lolote. Akabembelezwa, akakataa tena. Mwishowe akafungua kiganja, ndani pana punje ya dhahabu inang'aa, akakifunga haraka.

"Sijakuonyesha kitu, omera," alisema, yaani ndugu yangu.

Punje ile alikuwa nayo tangu msimu wa mvua, ameitoa kwenye shimo la shemeji yake. Lakini hakuulizwa hilo.

Kuanzia hapo Erasto akawa mwaminifu kuliko katekista. Alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba betri zina kasoro ya kiwandani, kwamba dhamiri inamsuta, na kwamba kila mtu alete betri arudishiwe ng'ombe wake. Wengi walikubali, na waliosita aliwaongezea mbuzi. Jamani, tapeli ameongeza mbuzi!

Kwa Mzee Nyamhanga alikwama. Mzee hakuwa na habari zozote za dhahabu, kwa kuwa hakuna aliyempenda kiasi cha kumwambia. Alichojua ni kimoja, kwamba mtu hawezi kurudisha ng'ombe kabla hajakamatwa ila awe ameona kitu kizuri zaidi. Akataka ng'ombe wake wote. Akamtaka na ndama aliyezaliwa katika zizi alilokodi Erasto, maana ng'ombe akirudi kwao harudi bila alichozaa, hilo hata mahakama ya wazee ingesema. Halafu akaitazama pikipiki.

"Na hiyo, mura, kijana wangu, ni ya nini tena? Mtu mwenye dhamiri anatembea kwa miguu."

Erasto akaitoa. Alijiambia kwamba atanunua duka zima la pikipiki.

Wa mwisho alikuwa Boke, na huyo ndiye aliyekuwa na mawe yaliyokwisha kuthibitishwa. Alimkuta nyumbani kwake amekalia gunia, anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtamba wangu yuko wapi?"

Mtamba aliletwa. Boke alimshika masikio, akamwangalia meno, akampapasa baka la usoni. Hakuinuka kwenye gunia. Akasema anataka pia ile betri ya kweli, ile paneli, na zile taa.

"Mama, hizo ni za maonyesho tu."

"Basi zionyeshe kwangu."

Erasto alizifunga mwenyewe juu ya bati, kwa ustadi, kwa sababu kazi hiyo alikuwa anaijua vizuri sana. Laiti angeifanya hiyo tangu mwanzo, angekuwa tajiri wa halali, lakini kwa mtu kama yeye njia iliyonyooka inachosha miguu. Ndipo Boke akainuka.

Mawe yote yakapelekwa kwenye karasha kwa pikapu ya kukodi. Everlyne hakusaga kwa maneno matupu. Alichukua kofia ya njano na viatu, na Erasto akakubali kumpondea mawe kufidia kilichopungua. Karasha ikanguruma kutwa nzima. Wakasafisha vumbi kwa maji, wakaligeuza, wakalisafisha tena. Erasto akapiga magoti akachungulia kwenye karai. Palikuwa na tope la kijivu, na katikati ya tope palikuwa na tope.

"Mbona ya Boke yalikuwa na kitu?" aliuliza.

"Ya Boke yalikuwa mahindi. Si alikwambia?"

Erasto akafungua mdomo apige kelele kwamba ametapeliwa. Kisha akakumbuka kwamba angeulizwa mawe yale aliyatoa wapi na kwa nini yalikuwa ndani ya betri. Vijana wa Matongo walikuwa wamesimama karibu, na mapanga ya kazi mkononi. Akaufunga. Akaokota nyundo akaanza kuponda mawe ya Everlyne.

Mavuno yakaisha, wazee wa Nyamwaga wakaja. Wakawakagua ng'ombe mmoja mmoja, wakafika kwa mtamba mwekundu, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nyangi akaingia nyumba ya Boke kwa vigelegele. Jioni ile taa ziliwaka uani, za kwanza upande ule wa kijiji, na Boke alipomwona mke wa nyumba yake anapakua ugali chini ya mwanga alilia mara ya pili, safari hii bila kushika kichwa.

Asubuhi foleni ya simu ilianzia mlangoni kwake ikapita zizi. Nyangi alipokea simu, Boke aliketi kando ya betri. Mwisho wa foleni alisimama mtu peku, vumbi mpaka kwenye kope. Zamu yake ikafika.

"Shikamoo mama. Naomba unichajie na mimi."

"Marahaba, injinia." Boke aliipokea simu, akaipindua, akaipulizia vumbi, akamrudishia. "Hii bado mpya mikononi mwangu. Iweke pale nje inywe jua. Mwezi ukiandama, njoo tuione."

Nyangi alicheka mpaka akaziangusha simu za watu. Erasto aliangalia huku na huku, akaenda kuiweka.