Jembe ya Babu kwenye Musée ya Mufereji

Siku ya tatu, tarehe 10 mwezi wa saba

Nilienda kwa Mama Musoki, kule mutaa wa Lumumba. Kiti ya plastiki, chai bila sukari. Alama mbaya. Adeline, binti yake, ule ninataka kuoa, alikuwa pembeni anachagua maharagi. Rémy naye alikuwa pale. Rémy anamutaka Adeline vilevile, na iko na gari.

Mama aliuliza kila mutu babu yake alifanya nini hapa duniani. Rémy alisema wake alijenga kanisa ya matofali kwao, upande wa Butembo. Mama alifurahi. Babu yangu, muzee Ézéchiel, alichunga ngombe mpaka kufa. Nilifungua mudomo niseme vile. Mudomo ikasema alikuwa mukubwa wa kazi kwenye mufereji ya zahabu, mbele ya Iga Barrière.

Mama alisema kumbe kuko musée, nyumba ya vitu vya zamani, kwenye mufereji ile, anataka kuiona tangu zamani. Tutaenda siku ya posho, kesho yake ya siku ya tano. Rémy atatupeleka. Rémy alionyesha meno yote.

Siku ya tano, tarehe 12

Jana nilipigia Emerance, mama anayeongoza wageni kwenye musée. Nilimuomba ataje jina ya babu mara moja tu. Alikataa. Alisema kwao wanaweka vitu vya kweli tu.

Sawa. Mimi mwenyewe nitaweka kitu ya babu. Jirani yangu Josaphat alinipa jembe yake. Nilimuambia ni ya kulima maharagi. Nililaza jembe ndani ya mavi ya ngombe na chumvi. Leo nimeitoa. Imezeeka vizuri, inanuka vibaya. Niliandika kwenye karton: JEMBE YA MUZEE ÉZÉCHIEL, MUKUBWA WA MUFEREJI.

Siku ya posho, tarehe 13

Jembe ndani ya suruali, mupini mpaka kwenye kifundo, koti juu. Jua kali. Mama Musoki aliuliza: "Vital, muguu iko na nini?" Nilisema ni rimatizimu, mifupa inauma. Alinihurumia, akaniachia kiti ya mbele. Sikuweza kukunja goti. Tulienda vile, muguu yangu inje ya dirisha, kuku za barabara zinashangaa. Rémy alifungua madirisha yote juu ya harufu.

Musée ni nyumba moja ya matofali kando ya mufereji. Emerance alitupeleka kwanza inje kuona maji. Nilibaki nyuma sababu ya muguu. Ukutani kulikuwa musumari moja haina kitu, katikati ya kofia na fimbo. Nikatundika jembe na karton. Kazi safi.

Waliporudi, Emerance alifika mbele ya ukuta ule na sauti yake ikashuka. Alisema ni ukuta wa makapita, wakubwa wa kazi wa wakati wa Wazungu. Watu walioletwa kwa nguvu kuchimba, wamefungwa kamba, walipigwa nao na fimbo hizi. Ndipo akaona jembe. Akasoma karton kwa sauti.

Mama Musoki alisogea karibu na fimbo. Kisha akasema polepole: "Babu yangu alitolewa kwetu na kamba. Alichimba hapa. Alirudi na mugongo imepasuka."

Adeline aliangalia chini. Nilisema labda kulikuwa makapita wazuri. Hata Rémy hakucheka.

Emerance alikuwa anageuza mupini. Akaniuliza kama mwaka ule watu walikuwa na telefone. Josaphat aliandika namba yake ya telefone pale, juu watu wanaiba. Emerance akapiga, akaweka sauti kubwa. Josaphat akajibu: "Mumeona jembe yangu? Vital alisema analima maharagi. Vital hajalima kitu hata siku moja."

Nilisema yote. Ngombe tu. Babu hakupiga mutu, hakuona hata mufereji.

Mabega ya Mama Musoki yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka Adeline akamushika mukono. Alisema: "Weye ni mujinga. Lakini afazali muchunga ngombe." Akaniambia niombe Emerance musamaha, na nifagie musée yake. Nilifagia. Adeline alinikusanyia taka.

Yenga, tarehe 14

Mama Musoki aliniita kula baada ya misa. Sombe ya majani ya muhogo, samaki, wali. Rémy hakukaa karibu na Adeline, mimi ndiye. Mama alisema kuanzia sasa anataka kwangu maneno ya kweli tu. Niliapa.

Kisha alilalamika kwamba shofere wa lori yake ya Fuso ni mugonjwa, na vitenge vyake vya kuuza vinapaswa kufika Mambasa siku ya ine. Aliuliza kama ninajua mutu. Adeline alikuwa ananiangalia. Nikasema sababu gani atafute mbali: mimi ninaendesha Fuso tangu ujana.

Mangaribi nilienda kwa Rémy. Nilimuuliza pedali ya katikati inafanya nini. Aliuliza kwa nini ninataka kujua. Nilimuambia ni kwa ndugu yangu.