Mama Aliyekufa Mara Sita

Balozi hakuwa balozi wa nchi yoyote. Jina hilo alipewa na wenzake siku ya kwanza ya masomo ng'ambo, aliposhuka kwenye basi la chuo akiwa amefunga tai, akampa dereva mkono na kumshukuru kwa niaba ya bara zima. Tangu siku hiyo hakubeba tena mzigo wake mwenyewe. Watu wa maneno matamu hawabebi mizigo. Hubebewa, na waliowabebea huondoka wakiona wamependelewa.

Sasa muhula ulikuwa ukingoni, na tangazo lililobandikwa bwenini liliwatoa jasho wanafunzi wageni wote. Kabla ya kurudi kwao, kila mmoja angeingia peke yake mbele ya jopo, aonyeshe picha moja, na aeleze kwa kinywa chake jinsi kuishi na wenyeji kulivyombadilisha. Asiyebadilika angerudia muhula.

Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe, maana hakuna aliyebadilika. Miezi yote hiyo walikuwa wamejifungia vyumbani, mapazia chini, wakipika vyakula vya kwao, wakigombana kwa lugha yao na kuilaani baridi. Mwenyeji pekee waliyemjua kwa sura alikuwa mlinzi wa geti, na huyo walimjua kwa sababu ya kudai vitambulisho.

Balozi alilisoma tangazo, akatabasamu kama paka aliyesikia mlango wa jikoni ukiachwa wazi. Wenzake walikuwa na shida, na yeye alikuwa na mama mwenye nyumba.

Mama huyo alikuwa mjane, dobi wa mashuka ya hoteli, mwenye nyumba ndogo nyuma ya chuo na chumba kimoja cha kupangisha. Mpole, mzito wa mwendo, mwepesi wa kusema "haya, mwanangu." Balozi alimsifia pazia la sebuleni siku ya kwanza, akapunguziwa kodi hapo hapo, na tangu hapo akamweka kwenye kundi la watu wa kuhurumiwa.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana wa kemia aliyeitwa Miwani.

"Miwani, umebadilika?"

"Nimenenepa."

"Jopo halitaki tumbo, ndugu yangu. Linataka moyo."

"Sasa moyo nautoa wapi dakika hizi?"

"Kwangu. Utakuja upige picha na mama mwenye nyumba wangu, umemshika bega. Ukifika mbele ya jopo, unawaambia aliugua kifua, ukamuuguza mwenyewe, akafia mikononi mwako huku akikuita mwanangu."

Miwani akashtuka. "Kwani ni mgonjwa?"

"Yule? Akikukamua kama anavyokamua mashuka, utatoka maji. Lakini nani atakwenda kumchungulia? Mtu analia mbele yako, utamwambia akakuonyeshe kaburi?"

Miwani alipima hoja hiyo kisayansi, akaona haina tundu. "Na hadithi ni yangu peke yangu?"

"Nikufanyie hivyo wewe? Ni yako peke yako."

Balozi hakudai fedha. Fedha humfanya mtu ajisikie mwizi, naye alikuwa na dhamira iliyopenda kulala vizuri. Alidai vitu ambavyo wenzake wasingeweza kupanda navyo ndege: makoti mazito, mablanketi, birika za umeme. Vyote angevisafirisha kwa meli mpaka kwa dada yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo, ambaye kwa sasa alikuwa akiwatangazia majirani kwamba mdogo wake anarudi na cheti. Balozi aliona cheti peke yake kinapwaya. Alitaka kurudi na cheti na duka.

Biashara ilichanganya. Mpaka wiki inakwisha, wateja walikuwa sita, na kila mmoja alikuwa na hadithi ya peke yake. Balozi hakuwa mtu wa kumpunja mteja: kwa kila mmoja alibadilisha chanzo cha kifo. Mama huyo huyo aliuawa na kifua, na ngazi iliyoteleza, na pumu, na moyo uliosimama juu ya pasi, na nyuki, na kwa yule binti wa sheria aliyetaka kitu cha heshima zaidi, uzee tu, kwenye kiti, jua likimpiga usoni. Malipo ya binti huyo yalikuwa baiskeli nyekundu, na Balozi aliipenda kupita vitu vyote vilivyokuwamo bandani.

Banda lilikuwa la mama.

"Mwanangu, wenzako mbona wanapishana kupiga picha na mimi?"

"Wanakupenda, mama. Wanaondoka, wanataka kumbukumbu."

"Haya. Na vitu hivi?"

"Vyangu, mama. Naomba unitunzie kidogo."

"Haya, mwanangu. Banda ni lako."

Wala hakuishia hapo. Aliyafua mablanketi, akazisugua birika mpaka zikang'aa. Balozi alimtazama kupitia dirishani na kusikitika. Dunia hii, aliwaza, inawaonea sana watu wema.

Siku ya jopo, Balozi alipanga awe wa mwisho. Alikaa kwenye benchi la korido, picha yake mkononi, akimpokea kila aliyetoka.

"Vipi?" alimuuliza Miwani.

"Sijui niseme nini. Kuna mmoja wao alijifunika uso kwa leso tangu naingia, mabega yanamtikisika."

"Umemliza. Safi sana."

Binti wa sheria naye alitoka na habari hiyo hiyo ya leso. Balozi akajipongeza kimoyomoyo. Kumbe alikuwa mwandishi, na dunia ilikuwa haijajua.

Alipoitwa, aliingia kifua mbele. Nyuma ya meza alikuwa mwenyekiti, mwalimu mkongwe asiyecheka. Kushoto kwake alikaa katibu. Kulia kwake, katika gauni lake la kutokea na leso mapajani, alikaa mama mwenye nyumba.

"Chuo humwalika mwenyeji mmoja kila muhula," alisema mwenyekiti. "Nadhani mnafahamiana."

"Karibu, mwanangu, keti," alisema mama. "Usinione hivi. Nimekufa mara sita tangu asubuhi, nimechoka kidogo."

Balozi aliketi. Alitafuta jambo lolote la kweli la kusema juu ya mama huyu. Hakujua kama ana watoto. Hakujua mumewe alikuwa nani. Alichokijua ni sauti ya pasi yake, ambayo ilianza kabla hajaamka na kunyamaza baada ya yeye kulala. Kisha akamwona dada yake mlangoni kwao, amezungukwa na majirani, akiwaeleza mdogo wake anarudia nini na kwa nini.

"Nina swali moja tu," alisema mama. "Vile vitu vilivyomo bandani kwangu ni vya nani?"

Akisema ni vyake, mwenyekiti angeuliza amevipata wapi. Balozi alimtazama mama, na mama akamtazama kwa upole wa mtu anayesubiri pasi ipate moto. Hapo akaielewa bei.

"Ni vyako, mama."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na baiskeli?"

"Na baiskeli."

Mama alimgeukia mwenyekiti. "Unasikia? Amenikusanyia vitu kwa wenzake, akaniachia mimi mjane. Nimepokea wageni wengi, mwalimu. Huyu amebadilika mbele ya macho yangu."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. "Kijana, umejifunza nini kuhusu wenyeji wa hapa?"

Balozi alitoa sentensi pekee ya kweli aliyoitamka muhula mzima. "Nilikuwa nawaona wajinga, mwalimu. Sivyo walivyo."

Mwenyekiti alisema unyenyekevu wa namna hiyo alikuwa hajausikia kwa muda mrefu, akampa alama za juu kabisa.

Wale sita walipewa adhabu ya wiki nzima ya kumfulia marehemu, ndipo vyeti vyao vitoke. Walimtafuta Balozi kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha masomoni. Yeye alijifungia chumbani, pazia chini.

Asubuhi ya safari alitoka na cheti na begi moja, akalibeba mwenyewe. Getini kwa mama kulikuwa na foleni ya wanafunzi wapya wanaotetemeka, wamefika jana, hawana blanketi. Mama alikuwa akiwauzia. Mmoja alikuwa tayari amekaa juu ya baiskeli nyekundu, akijaribu kengele.

"Mama," alisema Balozi taratibu, "kumbe hii ndiyo kazi yako."

"Kazi yangu ni kufua. Hii ni ya msimu."

"Kila muhula?"

"Kila muhula hunijia mmoja mwenye mdomo mtamu. Nampunguzia kodi, nampa na banda." Alimkung'uta vumbi begani, kama mama yeyote anavyomkung'uta mwanawe anayesafiri. "Mmoja aliuza majibu ya mtihani, mwingine aliuza vyumba visivyokuwapo. Ila wewe ndiye wa kwanza kuniua."