Uzinduzi wa Amu za Gari la Wagonjwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi wa Amu, ambaye pia ni mimi ila kwa leo anawakilishwa na kiti chake; waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Bushi za Mpira; waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Bushi za Plastiki Ngumu, ambao nawaomba muendelee kukaa mbali na wale wa mpira; mafundi wa karakana, mama mkunga wa zahanati yetu, na ninyi wananchi mliosimama juani kwa uzalendo mkubwa wakati sisi tukivumilia kivuli cha hema: itifaki imezingatiwa. (Makofi, upande wa hema.)

Ndugu zangu, miaka mitatu iliyopita mlinijia na kilio kwamba mama akishikwa na uchungu hapa hakuna gari linaloweza kupita kwenye mawe yale ya korongoni kwenda hospitali kubwa, na kwamba mnawabeba wagonjwa kwenye vitanda mabegani, nami nikawasikiliza kwa uchungu. (Sauti: "Ulikuwa umelala!") Nilikuwa nimefumba macho, bwana, ni tofauti. Ndipo tukaamua kuwaletea gari la wagonjwa lililonyanyuliwa inchi nne, na kwa kuwa gari likinyanyuliwa ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu, ambayo sisi wataalamu tunaiita amu, huning'inia vibaya, magurudumu yakaanza kuchechemea, tairi likalika upande mmoja na usukani ukawa na maoni yake binafsi, tukasema hapana, wananchi hawa hawawezi kupewa amu za kiwandani, lazima tuteue amu maalumu kwa mchakato shirikishi wenye rodimapu, fremuweki na mastekiholda wote mezani. (Makofi.)

Naona mama mkunga amenyoosha mkono. Teremsha, mama yangu. Maswali ni mwishoni.

Tulianza na vikao. Vikao mia moja na arobaini, mahudhurio asilimia mia moja na sita, maana wengine walisaini mara mbili kwa kuguswa na jambo hili. Wa mpira wakasema bushi, ile pete inayokaa kwenye maungio ya amu, ikiwa ya mpira ni laini, haipigi kelele, mgonjwa atalala. Wa plastiki wakasema laini inachakaa upesi, mgonjwa alale kwani amekuja hotelini? Wakavunja glasi mbili na urafiki wa miaka ishirini. Tukaunda kamati ya usuluhishi. Kisha tukasafiri kwenda kujifunza tabia za barabara mbovu, na ili tuziangalie kwa upana wake tukaziangalia kutoka kwenye ndege. (Kicheko.) Msicheke. Kutoka juu shimo linaonekana lote.

Hatimaye tukateua amu za chuma, ndefu kiasi, zinazorekebishika, rangi nyekundu. Kwa nini nyekundu? Kwa sababu wajumbe wote walikubaliana nayo, na katika miaka mitatu hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana. (Makofi.)

Fundi, wewe wa karakana, mbona unacheka peke yako? (Fundi: "Mheshimiwa, amu haichaguliwi hivyo. Gari linasimamishwa chini, na mzigo wake, ndio unapima. Nyie mlipima gari lipi?") Swali zuri, lina utovu wa nidhamu kidogo. Gari lilipimwa kwenye karatasi, fundi, na karatasi ilikuwa tambarare kabisa. (Fundi: "Makubwa haya!")

Mama mkunga, tena? Nimesema mwishoni. (Mkunga: "Kuna mama pale zahanati, mtoto amekaa vibaya, anatakiwa hospitali sasa hivi.") Pole yake. Mwambieni avute subira, maendeleo ni hatua, na bahati yake amepata uchungu siku ya uzinduzi. Jamani, mnaona gari lile pale chini ya turubai? Litafunuliwa awamu ya pili. Leo ni awamu ya amu. Na amu zenyewe ziko njiani, kwa maana kwamba njia ya kuzileta imeshajadiliwa. Sasa tuitikiane! Amu imara! (Wachache: "Gurudumu wima!") Sisikii! Amu imara! (Hema: "Gurudumu wima!")

Mama, shuka jukwaani, unanivuta koti mbele ya wapiga picha. Unasemaje? (Mkunga: "Ni binti yako, mheshimiwa. Nimenyoosha mkono tangu umeanza.")

Binti yangu? Si alisema mwezi ujao? Mbona hamkusema, jamani, mnakaa tu mnapiga makofi! Leteni gari! (Vijana wanakimbilia turubai.) Siyo lile! Acheni turubai, rudini, hakuna kitu pale, ni mapipa sita na meza ya shule, nimeyapanga mwenyewe jana! (Umati: "Aaah!") Ndiyo, aaah. Hakuna gari. Halikuwahi kuagizwa, tulikuwa tunasubiri amu. Nizomeeni kesho, kesho nitakuja mapema, nitasimama hapo juani mnizomee mpaka mchoke, lakini leo mwanangu atakufa.

Fundi. Kaka yangu. Ile pikapu yako niliyopiga marufuku isiegeshwe mbele ya ofisi kwa sababu inaharibu mandhari, inapita korongoni? (Fundi: "Inapita. Amu nilizichonga mwenyewe.") Za rangi gani? Aa, hapana, samahani, mdomo umezoea. Washa, kaka. Mama mkunga kaa naye, mimi nitapanda nyuma, nitamshika kichwa.

Hotuba iliyobaki ichukuliwe kuwa imesomwa. Nawashukuru wajumbe wa mpira na wa plastiki kwa kamati ya gari ambalo halipo, namshukuru mwalimu mkuu kwa meza, na mwenye mapipa ayachukue. Nipisheni njia. Hebu niambieni, kutoka hapa hadi hospitali ni mwendo gani? (Umati mzima, kwa pamoja: "Masaa matatu!")

Matatu. Ahsanteni kwa kunijulisha.